Mtoto Aliyeitwa Jalala

Nifungue?

"Fungua."

Nifungue kinywa, au nifungue kapu la maneno?

"Fungua vyote viwili."

Basi sogeeni karibu. Wewe uliyekalia mguu wa mwenzio, inuka, huo ni mguu wala si kigoda. Haya. Kale, na kale ya kale, wakati vilima vilikuwa bado laini kama ugali unaotoka jikoni, na mito ilikuwa ikiulizana njia ya kushukia, palikuwa na kijiji kikiitwa Kilindimo. Juu yake mlima, chini yake kijito, na katikati watu waliopenda kucheka kuliko watu wote wa upande ule.

Watu wa Kilindimo hawakumpa mtoto jina ili apate kuitwa tu. Kuita, walisema, hata kuku huitwa. Kwao jina lilikuwa neno ambalo mzazi alikuwa akimwambia mtu. Mtoto akizaliwa mvua za kwanza zikipiga baada ya kiangazi kirefu, mama yake alisema "Masika," na neno hilo aliliambia shamba: amka sasa. Mama mwenye majirani wasengenyaji alimwita mwanawe Sijali, na majirani wakajua bila kuuliza ni nani walioambiwa. Aliyezaliwa usiku aliitwa Chausiku, ili usiku wenyewe usikie kwamba umeshukuriwa. Ukipita kijijini asubuhi, watu wakiitana kwenda mashambani, ulikuwa kama umesimuliwa habari za miaka sitini bila mtu kukusimulia.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke aitwaye Sikudhani. Mama yake alimzaa akiwa ameshaota mvi, wenzake wakibeba wajukuu, na watu walipokuja kumpongeza hakuwa na neno lingine la kuwaambia. "Sikudhani," akasema. Likawa jina. Sikudhani alikuwa mpole, fundi wa kusuka mikeka, na mumewe aliitwa Mashaka. Mnacheka? Chekeni. Mashaka alizaliwa mwaka wa nzige, lakini hapajatokea mtu mwenye mashaka machache kuliko yeye. Paa likivuja alisema, "Afadhali, leo tutaoga humu humu ndani."

Walizaa mtoto, wakamwita Lulu. Lulu hakumaliza miezi mitatu. Wakazaa wa pili, wakamwita Johari. Johari alikaa mpaka akajua kucheka, kisha naye akaenda.

Watu wa Kilindimo hawakupenda kumtaja kwa jina lake yule anayechukua watoto. Walimwita Mdokozi. Kudokoa mnakujua? Mnakujua sana, msiangalie chini. Ni kule kupita jikoni, kufunua chungu, kuchomoa kipande kinono, halafu kwenda zako kama hukuwapo. Basi Mdokozi, walisema, hadokoi ukoko. Hadokoi mfupa. Hudokoa kinono tu. Kwa hiyo alipozaliwa mtoto wa tatu, msichana mnene mwenye vishimo mashavuni, Sikudhani hakutoa neno lolote. Alimfunika gubigubi akasema, "Huyu sitamwita chochote."

"Ataitwa," akasema Bibi Nyamvula. Bibi Nyamvula ndiye aliyekuwa mkunga wa kijiji, naye ndiye aliyejua mila zote za majina, kubwa na ndogo. "Ataitwa, mwanangu. Ila huyu tutampitisha jaani."

Jaa ni pale panapotupwa taka, maganda na majivu. Na kupitishwa jaani kulikuwa hivi. Siku ya saba mtoto alifungwa kwenye nguo kuukuu, akalazwa pembeni mwa jaa asubuhi na mapema. Mara akatokea Chausiku, dada yake Mashaka, mwanamke mwenye ulimi wenye makali kuliko panga la mumewe. Alikuja akifagia, fagia, fagia, kana kwamba hana habari.

"Lo," akasema Chausiku kwa sauti ya kusikiwa na kijiji kizima. "Nani katupa takataka inayolia?"

Akamzoa mtoto pamoja na majani makavu, akamweka kwenye ungo, akaenda kusimama mlangoni kwa kaka yake.

"Wifi, nimeokota kitu jaani. Kinanuka maziwa. Mnakitaka, au nikakitupe mtoni?"

Mama mtu alipaswa kukataa mara mbili. Sikudhani akakataa, huku mikono yake imefungwa nyuma isije ikamnyakua mtoto wake kabla ya wakati. "Kitupe tu. Kina faida gani?"

"Faida hakina. Hakijui kulima, hakijui kupika, hata meno hakina."

"Hatukitaki."

"Kinapiga kelele, lakini. Labda kitafukuza ndege shambani."

"Basi kiweke hapo pembeni," akasema Sikudhani, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Tutaona."

Hivyo ndivyo mtoto alivyopata jina. Aliitwa Jalala. Na tangu siku hiyo, yeyote aliyempita alipaswa kumsema vibaya, ili Mdokozi akisikiliza dirishani ajue kwamba humo ndani hamna kinono.

Mila hiyo ilikuwa na mwisho wake, sikilizeni vizuri hapa. Jina la jaani lilivaliwa mpaka jino la kwanza ling'oke. Likishang'oka, na kabla jipya halijachomoza, mama alisimama juu ya jaa akatupa jino pamoja na jina, akaita jina jipya kwa sauti mpaka lisikiwe ng'ambo ya kijito. Alipewa nafasi tatu za kuita, basi. Jino jipya likitangulia kuchomoza, jina la jaani liliganda, halitoki tena. Palikuwa na mzee mmoja pale Kilindimo mwenye ng'ombe arobaini na wake wawili, mtu wa kuheshimiwa, anatoa hukumu barazani, na bado anaitwa Mzee Takataka. Mama yake alichelewa.

Basi Jalala akakua. Na kijiji kikamsema. Ee, kilimsema. Watu walishindana.

"Hujambo, uso kama kiazi kilichosahauliwa mekoni?"

"Mtoto huyu mbona kama mkeka ulioliwa na mbuzi?"

Mashaka, baba mtu, alimrusha juu na kumdaka akiimba, "Sina mtoto, nina gunia, sina mtoto, nina gunia," na Jalala alicheka mpaka akakohoa.

Siku moja akaja mfinyanzi kutoka mabondeni, mama mmoja mstaarabu aitwaye Tunu, amebeba vyungu vyake vya kubadilishana na mtama. Hakuzijua mila za Kilindimo. Akamwona Jalala ametambaa mpaka kwenye vyungu, akasema kwa moyo safi, "Jamani, mtoto mzuri huyu, kama mbalamwezi."

Mchi ukabaki hewani. Sikudhani akamkumbatia mwanawe kama aliyeona chui.

Chausiku akafika mbio. "Mama mgeni, jua limekupiga machoni. Hebu mtazame tena."

"Nimemtazama. Ni mzuri."

"Hapana, mama. Ni mbaya. Sema ni mbaya."

"Nitamsemaje vibaya mtoto wa watu, mimi nimelelewa?"

Wakamweka chini, wakamweleza taratibu. Tunu akaelewa, akaona huruma, akataka kusaidia, lakini kinywa chake hakikuzoea. Akamtazama Jalala, akatafuta, akatafuta. "Ana... ana masikio," akasema.

"Masikio yamefanya nini?"

"Ni mawili."

"Mama, hilo si tusi."

"Basi subirini," akasema Tunu huku jasho linamtoka. "Ana kichwa... kama chungu changu nilichokiharibu mwaka juzi, kile nilichokitupa." Kijiji kizima kikapumua. Wakampa mtama zaidi ya thamani ya vyungu vyake, na Mashaka alicheka siku tatu.

Sasa, mtoto aliyelelewa hivyo huwaje? Mnadhani alihuzunika? Hata. Maneno yote mabaya aliletewa na nyuso zinazotabasamu na mikono inayombeba, basi Jalala akajua kwamba hivyo ndivyo watu wanavyopendana. Alipojua kusema, akaanza kurudisha. Alimwamkia Bibi Nyamvula kwa heshima, magoti chini, "Shikamoo, bibi, kikapu kilichotoboka." Na Bibi Nyamvula akajibu, "Marahaba, ukoko wangu." Jalala aliwasema kuku, aliusema mlima, alikisema kijito kwa kukimbia kimbia kama aliyeiba. Kulipokucha alianza kuimba kabla hata ya jogoo, na jogoo akaona aibu.

Sikudhani alisikiliza kicheko hicho akiwa anasuka, na vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Lakini kila mwaka ulipopita alikihesabu kitu kimoja tu: bado hajang'oka jino. Bado. Bado. Wenzake walingoja siku hiyo kwa pilikapilika, wakichagua jina. Yeye aliiogopa kuliko njaa. Alikuwa na majina mawili mazuri aliyowahi kuyaita kwa sauti, Lulu na Johari, na wote wawili Mdokozi aliwasikia. Angeitaje la tatu?

Siku ikaja. Jalala alikuwa na miaka sita na nusu, amekaa kizingitini anaguguna hindi la kuchoma. Akaacha kuguguna. Akatoa kitu kinywani, akakitazama.

"Mama, hindi hili lina mfupa."

Sikudhani akakitwaa. Lilikuwa jino, dogo, jeupe, safi. Akatazama huku na huku. Mashaka alikuwa shambani. Hakuna aliyeona. Akalifunga kwenye pindo la nguo yake, fundo la kwanza, la pili, la tatu. Kisha akachuchumaa mbele ya mwanawe.

"Sikiliza, mwanangu. Usimwonyeshe mtu pengo. Usicheke mbele za watu. Usiimbe. Ukisema, sema kwa midomo tu."

"Kwa nini, mama?"

"Mdokozi asije akakuona."

Jalala alikuwa mtoto mtiifu. Akafumba kinywa.

Siku ya kwanza watu hawakugundua. Siku ya pili jogoo aliwika peke yake. Siku ya tatu Chausiku alipita na tusi jipya alilolitunga tangu asubuhi. "We Jalala, unafanana na sufuria iliyounguza maharage ya wakwe." Jalala akaziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakamtetemeka, macho yakajaa maji ya kicheko kilichokosa mlango. Kisha akageuka akaenda zake.

"Wifi," akasema Chausiku, "huyu anaumwa?"

"Haumwi. Amekua tu."

"Amekua juzi na leo?"

Mashaka naye akajaribu. Alitembea kama bata, alivaa ungo kichwani, alijifanya ameanguka, na mara moja alianguka kweli. Jalala alimtazama, akatikisa kichwa polepole kama mzee, akainuka kwenda kukaa nyuma ya nyumba. Mashaka akabaki na ungo wake kichwani. Akamwambia mkewe, "Mke wangu, nani kafa humu ndani ambaye sikuambiwa?"

Sikudhani akaendelea kusuka. Kila siku, watu wakishakwenda mashambani, alimfunua mtoto mdomo kutazama kama jino jipya linakuja. Alilingoja. Likichomoza tu, jina la Jalala litaganda, na yeye hatalazimika kuita jina lolote tena maishani mwake. Mtoto atakuwa Jalala mpaka mvi. Vibaya? Mzee Takataka anakula, analala, ana ng'ombe. Ndivyo alivyojiambia.

Siku ya tisa Jalala alikuja kukaa kando yake mkekani. Alisema kwa midomo tu, kama alivyofundishwa.

"Mama, nikifumba mdomo Mdokozi haji?"

"Haji."

"Nifumbe mpaka lini?"

Sikudhani akasuka mstari mmoja, akasuka wa pili.

"Mama, na Johari alikuwa anacheka?"

Vidole vya Sikudhani vikasimama. Alimkumbuka Johari, asubuhi ile alipogundua mkono wake mwenyewe na kuucheka kana kwamba ni mgeni aliyeleta zawadi. Alikuwa hajalikumbuka jambo hilo kwa miaka. Alikuwa akikumbuka kuondoka tu.

"Alicheka," akasema. "Alicheka vizuri sana."

"Kama mimi?"

"Kama wewe." Akamtazama mtoto aliyekaa mbele yake, mzima, mnene, vishimo vyake vimetoweka mashavuni kwa kukosa kazi. Nyumba ilikuwa kimya. Uani kulikuwa kimya. Na hapo, wajukuu zangu, Sikudhani akaelewa kwamba chungu chake kimedokolewa, tena yeye mwenyewe ndiye aliyefunua kifuniko.

Alimshika Jalala mkono wakaenda kwa Bibi Nyamvula.

Bibi Nyamvula alikuwa uani anachambua mchicha. Hakuinua kichwa. "Mmenichelewesha," akasema. "Nawangoja siku ya tisa leo."

"Ulijuaje, bibi?"

"Mtoto anayewaimbia hata kuku akinyamaza ghafla, nikasema, ama kang'oka jino ama kameza kuku. Nikahesabu kuku. Wapo wote."

Sikudhani akafungua pindo, fundo la kwanza, la pili, la tatu, akaliweka jino kiganjani mwa kikongwe. Akaanza kulia. "Naogopa, bibi. Nikimwita jina zuri, atasikia."

"Nani? Mdokozi?" Bibi Nyamvula akaacha mchicha wake. "Mwanangu, mimi nilizaa tisa. Watatu wamekwenda. Wawili kati ya hao watatu tuliwapitisha jaani, wakaitwa majina ambayo hata mbwa angekataa. Walikwenda vilevile. Na wale niliowaita majina ya fahari wapo, wanazeeka, wananisumbua."

"Sasa tulimtupa jaani kwa nini? Kijiji kizima kimemtukana miaka sita kwa nini?"

"Kwa ajili yako," akasema Bibi Nyamvula. "Umesahau ulivyokuwa? Hukuthubutu hata kumtazama. Tukasema, tumpe huyu mama jina bovu ajifunike nalo, apate usingizi, apate kumzoea mwanawe bila kuangalia mlango. Jalala hakuhitaji jina lile. Wewe ndiye uliyelihitaji. Lilikuwa blanketi lako, mwanangu, na sasa kumekucha."

Akamwita mtoto. "Njoo, ukoko wangu. Asama." Akaingiza kidole cha shahada penye pengo, akapapasa, uso ukabadilika. "Lipo mlangoni. Ncha yake hii hapa, kama punje ya mchele. Kesho litakuwa limechomoza. Ikiwa ni kuita, ni leo hii, kabla jua halijakaa kichwani. Umeshapata neno?"

"Sina."

"Litafute ukitembea. Usitafute neno zuri. Tafuta lile unalotaka kumwambia mtu."

Habari ilikimbia kuliko wao. Walipofika jaani walikuta majembe yametupwa chini, mashamba yameachwa, watu wamejaa. Mashaka alikuwa ameshavuka kijito pamoja na nusu ya kijiji, wamesimama ng'ambo kusikiliza. Lakini kwanza, kabla ya jina kutupwa, lilipaswa kuagwa. Kila mmoja akapita kumpa Jalala tusi la mwisho. Walikuwa na matusi ya akiba, mengine ya miaka miwili. Mzee Takataka mwenyewe alikuja na fimbo yake akasema, "Kwaheri, wajina. Umeniacha peke yangu, wewe ganda la ndizi." Na Jalala, ambaye siku tisa hajacheka, akafungua kinywa. Kilitoka kicheko kirefu, chenye pengo, kikapiga mlima kikarudi.

Kisha akanyamaza ghafla, akamvuta Chausiku nguo. "Shangazi, nikipata jina jipya hamtaniambia tena maneno yangu?"

"Mimi?" akasema Chausiku. "Hata wakikuita Malkia wa Nchi Saba, kwangu utabaki sufuria iliyounguza maharage."

Jalala akaridhika.

Sikudhani akapanda juu ya jaa, miguu ikizama kwenye maganda na majivu. Akalishika jino kwa vidole viwili, akalitupa nyuma. "Jalala nimelitupa," akasema. Hilo alilisema vizuri. Kisha akavuta pumzi ili aite, na sauti haikuja. Ulitoka mnong'ono.

"Hatujasikia," akapaza sauti Mashaka kutoka ng'ambo. "Huku tunasikia vyura tu."

Watu wakacheka, lakini si sana. Nafasi moja imekwenda.

Akavuta pumzi tena. Safari hii sauti ilianza, ikapanda, ikafika kooni ikavunjika kama fimbo kavu.

"Tumesikia kikohozi," akasema Mashaka. Lakini hata yeye hakuwa anacheka tena.

Chausiku alijiuma kidole. Ilibaki mara moja. Sikudhani alitazama chini, akamwona mwanawe amesimama kwenye ukingo wa jaa, uso juu, akimngoja. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa akitaka kujua tu yeye ni nani.

Hapo Sikudhani akajua neno lake anataka kumwambia nani. Hakutazama ng'ambo. Aligeuza uso upande wa msituni, kule makaburi madogo mawili yalikokuwa, kule walikosema Mdokozi hukaa. Akajaza kifua, akaita jina la mwanawe kwa sauti ambayo hata mumewe hakujua kwamba anayo.

"Siogopi!"

Ndege walitoka mitini. Likapita kijito, likapita shamba la mtama, likagonga mlima.

"Tumesikia," wakajibu wa ng'ambo, wote kwa pamoja. "Siogopi! Tumesikia!" Mashaka akatumbukia kijitoni na nguo zake zote kwa haraka ya kuvuka.

Mtoto akalionja jina kidogo mdomoni, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Kisha akajibu, "Labeka, mama," akapanda jaa kwa mikono na miguu mpaka kwa mama yake.

Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo, msiniulize. Walicheza mpaka jaa likatawanyika kijiji kizima, ikawalazimu kufagia siku mbili.

Mtaniuliza, je, hofu ya Sikudhani iliisha pale pale? Sitawadanganya, sijazeeka hivi ili niwadanganye. Haikuisha. Kesho yake asubuhi aliamka nayo kama kawaida. Lakini alihitaji kuni, basi akasimama mlangoni akaita, "Siogopi!" Mtoto akaja. Baadaye akahitaji maji. "Siogopi!" Mtoto kaenda kucheza mbali, mawingu yanakuja. "Siogopi, rudi nyumbani!" Mara kumi kwa siku, mara ishirini, na siku za utundu, mara hamsini. Mnafikiri mtu atasema neno hilo mara hamsini kwa siku, mwaka baada ya mwaka, na lisimwingie? Lilimwingia. Lilianza kwenye ulimi, likashuka kooni, likafika kifuani likajenga. Siogopi alipofika umri wa kuolewa, mama yake alikuwa mwanamke anayecheka kwa sauti mpaka majirani wanagonga ukuta.

Ndiyo maana nawaambia, wajukuu zangu. Siku moja mtaletewa mtoto mikononi, naye atawatazama akingoja. Msimpe jina kwa sababu linalia vizuri tu. Mpeni neno ambalo ninyi wenyewe mnataka kulisikia kila siku kutoka vinywani mwenu, kwa maana mtoto ataitwa kwa jina hilo, lakini mzazi ndiye atakayelisema. Na ukipewa jina, hata likiwa la ajabu, muulize aliyekupa: ulikuwa unamwambia nani? Utashangaa kumbe wewe ni barua aliyompelekea mtu.

Mzigo wangu nautua hapa. Mwenye kichwa ajitwike, mwenye mikono ashike upande, na aliyesinzia aulize jirani yake. Nimefunga.

"Funga, bibi. Tumebeba."